Mie Nimeacha, Wewe Umeacha Nini?

Mume wangu alikuwa akinitambulisha kwa watu kwa rangi yangu. "Huyu ndiye shemeji yenu, mnamwona alivyo?" atasema, na wenzake wa karakana watacheka na kunipa mkono. Hakuna aliyeuliza "alivyo" maana yake nini. Nilikuwa mweupe. Ila si weupe wa kuzaliwa nao. Mama yangu ni mwanamke wa Sumbawanga, mweusi wa kung'aa, na mimi nilitoka tumboni mwake nikiwa hivyohivyo. Weupe wangu ulikuwa wa kopo.

Tulikuwa tumepanga Mbagala, chumba na sebule, katika nyumba yenye wapangaji wengine na ua tuliouchangia wote. Yeye alikuwa fundi wa samani Chang'ombe, upande wa kumalizia: kupiga msasa, kupaka vanishi, kupuliza rangi. Mimi nilikaa mapokezi katika duka la vigae, Chang'ombe hukohuko, na ndiko tulikofahamiana. Mwenye duka aliniajiri akisema wazi kwamba mteja akiingia anataka kukutana na sura yenye nuru. Nuru hiyo ilitengenezwa na mama mmoja wa sokoni, aliyechanganya mafuta ya aina tatu nne kwenye bakuli la plastiki, akakoroga, akanifungia kwenye kopo na kunionya nisikae sana juani. Kopo likikaribia kuisha, wa kwanza kunikumbusha alikuwa mume wangu. Mara nyingine alinipitishia mwenyewe akitoka kazini. Nalisema hili kwa sababu baadaye alikuja kulisahau.

Mimba ya kwanza iliingia mwaka wa pili wa ndoa na ikatoka kabla tumbo halijaonekana. Nilikuwa kazini, kwenye kiti changu cha kuzunguka, mzee mmoja ananiuliza habari za vigae vya bafuni, nikasikia kitu cha moto kinanishuka. Nikamjibu mpaka mwisho. Sijui kwa nini. Nilimweleza vile vinavyoteleza na vile visivyoteleza, vya sakafuni na vya ukutani, akaondoka ameridhika, ndipo niliposimama. Mwenzangu wa kaunta alikiona kiti kabla yangu.

Hospitalini nikasafishwa. Nyumbani nikapokewa na maneno. Wanawake wa uani walisema nimekunywa soda mno, nimepanda bodaboda kwenye mashimo, nimeinua mikono juu kuanika mashuka. Kila mmoja alikuwa na sababu yake na kila sababu ilianza na "wewe". Mume wangu hakusema kitu. Ukimya wake niliuchukulia kuwa ni huruma.

Nilipopata nguvu nilirudi kliniki peke yangu. Nesi niliyemkuta alikuwa mama mtu mzima mwenye lafudhi ya kanda ya ziwa, na sauti ya mtu aliyezoea kubishiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Unataka kubeba tena lini?"

Nikamwambia hata kesho.

"Kesho hapana. Kwanza uuandae mwili. Nyie wasichana mnaanza kujitunza mkishaona tumbo, na kumbe mtoto ameshaanza kuumbwa moyo na uti wa mgongo wakati mama yake hana hata habari."

Akaniuliza ninavyoishi. Asubuhi nakula nini? Nikasema nakunywa eneji, kile kinywaji cha kopo cha kuongeza nguvu, kinanisukuma mpaka mchana. Mchana? Chipsi. Jioni? Wali na chai. Nyumbani nani anavuta sigara? Mume wangu. Anavutia wapi? Ndani. Pombe je? Yeye bia karibu kila siku, mimi mwisho wa wiki, tukitoka. Aliuliza bila kushangaa wala kunikemea. Halafu akavua miwani, akanitazama usoni, akashusha macho kwenye vifundo vya vidole vyangu. Mkorogo haukuwahi kuviweza vile vifundo. Vilibaki vyeusi kama ushahidi.

"Na hayo mafuta yana nini ndani?"

"Sijui mama."

"Na mimi sijui. Anayekukorogea naye hajui. Mengine yana zebaki, na zebaki haiishii kwenye ngozi, inaingia kwenye damu, inamfuata mtoto huko huko aliko. Sikuambii upunguze, nakuambia uache. Tena nisikudanganye: ukiacha, uso utachafuka. Vumilia."

Nikamwuliza lile nililokuwa nimelijia. Je, ndiyo yaliyoitoa mimba yangu?

"Sijui," akasema. "Na usikubali mtu akuambie kwamba yeye anajua. Mimba changa nyingi hutoka zenyewe, hata kwa mwanamke aliyekula vizuri na kulala vizuri. Kujiandaa hakukupi hakika. Kunampa mtoto nafasi nzuri zaidi, basi." Akaniandikia vidonge vya foliki, vidogo vya njano, nianze kumeza hata kabla sijabeba. "Na uje na mwenzio. Mbegu nayo inataka matunzo. Sigara, pombe, hizo kemikali za kazini kwake, zote zinamhusu."

Alikuja mara moja tu. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, simu mkononi, nesi anaongea, yeye anasukuma kioo kwa kidole gumba. Tulipotoka, akasema, "Sasa mie na vidonge vyenu tunahusiana nini? Kwani mie ndo nabeba?" Akawasha sigara palepale getini. Nilicheka. Wakati ule nilikuwa bado nacheka akisema mambo ya namna hiyo.

Nikaanza. Siku za mwanzo bila eneji kichwa kiliuma kama kimefungwa waya. Nilijifunza kuamka mapema nikapika uji, nikaunywa umesimama kooni kwa sababu sikuwa na mazoea ya kula asubuhi. Jioni nilipita sokoni kununua tembele, mchicha, dagaa, maharage mabichi yakiwa msimu. Chai niliiacha mbali na chakula, maana nesi alisema inazuia madini ya damu yasifyonzwe vizuri. Jiko la mkaa nililitoa kibarazani, nikapika uani juani na kwenye mawingu. Bia niliiacha bila shida. Niliacha hata kukaa na watu waliokuwa wananywa, kwa hiyo mwisho wa wiki nikawa nabaki nyumbani na mume wangu anatoka. Jioni nilitembea kwa miguu, hadi barabara ya Kilwa na kurudi, vumbi limenijaa miguuni. Wanawake wa uani walisema siku hizi mwenzetu anakula kama sungura na anatembea kama mwanajeshi. Sikuwajali. Nilikuwa na furaha fulani hivi, naikumbuka, furaha ya mtu anayeamini kwamba akifanya sehemu yake basi dunia nayo itafanya sehemu yake.

Mume wangu nilimwomba mambo matatu. Avutie nje, apunguze bia, na avue nguo za kazi kabla hajaingia chumbani, kwa sababu zilikuwa zinanuka tina, ile ya kuzimulia rangi, mpaka mto wangu ulikuwa unanuka. Nikamwekea ndoo karibu na mlango. Kwa siku chache aliitumia. Halafu akasema watu wa uani wanamwona kama mtoto aliyetolewa darasani, anavuta sigara nje ya nyumba anayoilipia mwenyewe. Akahamia dirishani. Mvua zilipoanza akarudi kitandani. Shati nalo likarudi kwenye msumari wake, juu ya kichwa changu.

"Si tulikubaliana?" nikamwambia.

"Tulikubaliana, ndiyo. Kwani tunagombania nini? Babangu alivuta mpaka anazikwa, na mie nipo hapa."

Lakini kilichotutenganisha si moshi. Kilichotutenganisha ni uso wangu.

Nesi alikuwa amenionya, ila maneno ni maneno mpaka yakupate. Ngozi ilianza kuwasha, halafu ikawa inaungua nikitoka tu juani. Mashavuni yakaota mabaka meusi, mengine ya kahawia, na katikati yake palibaki pekundu kama palipomwagikiwa na chai ya moto. Shingo ikawa na rangi yake, paji la uso na rangi yake. Watoto wa jirani waliniangalia wazi, watu wazima kwa kuibia. Mwenye duka alinivumilia kwa muda, halafu akaniita akasema, kwa upole kabisa, "Dada, kaa kwanza stoo huko nyuma, utusaidie mizigo inayoingia. Uso ukitulia utarudi mbele." Akaweka msichana mwingine kwenye kiti cha kuzunguka. Sikurudishwa mbele tena.

Siku ile nilimsimulia mume wangu nikiwa nalia. Alikuwa anakula. Akanitazama chini ya taa muda mrefu, kama anavyotazama mbao kabla ya kuikataa.

"Umeanza kufanana na mama yako," akasema.

Mama yangu alikuwa amempikia mtu huyu. Siku ya posa alimchinjia mbuzi, akamwita mwanangu, akamfungia maharage ya kurudi nayo Dar. Nikamwambia, "Nimefanana naye toka nazaliwa."

"Basi mie sikumuoa mama yako."

Akaendelea kula. Tangu siku hiyo akawa anageukia ukutani. Mwanzoni nilidhani ni uchovu, mwisho wa mwaka huwa wana kazi nyingi za makochi. Lakini kazi zilipungua na yeye hakugeuka. Nikajikuta nameza vidonge vyangu vya njano kila siku asubuhi, nakula tembele langu, nalala mapema, mwili wangu uko safi na tayari kuliko wakati wowote wa maisha yangu, na mwenye kuleta mtoto ameupa mgongo.

Nilimeza aibu nikamwuliza. Alikuwa mkweli, hilo nampa.

"Sivutiki," akasema. "Rudisha kidogo. Hata usoni tu. Kwani mtoto anakaa usoni?"

"Nesi amesema yanaingia kwenye damu."

"Nesi, nesi. Umeolewa na nesi?"

Kesho yake niliporudi kutoka kazini nilikuta kopo jipya juu ya meza ya kujipambia. Alikuwa amepita mwenyewe sokoni. Sikulifungua. Nilikwenda nalo chooni nikalimwaga, na niliporudi chumbani hakuna aliyesema neno. Usiombe kukaa katika ukimya wa namna ile. Ugomvi una mlango wa kutokea, ukimya hauna.

Mimba ya pili ilipatikana kwa ulevi. Nasema hivyo bila kupamba. Timu yake ilikuwa imeshinda, akarudi amekunywa, mchangamfu, ananiita majina ya zamani, na mimi sikumkatalia kwa sababu nilimtaka mtoto. Mwaka mzima niliuandaa mwili wangu kama anayeandaa chumba cha mgeni, na mgeni akaletwa na pombe ileile niliyoipiga marufuku. Nilipoona mistari miwili kwenye kipimo niliinama sakafuni nikashukuru Mungu. Nikamsamehe mume wangu kila kitu, palepale, bila yeye kuomba.

Naye alifurahi, siwezi kumsingizia. Alimpigia mama yake Masasi, na mama mkwe akapanda basi akaja kukaa nasi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mkali wa macho. Nikampokea kwa shikamoo na magoti, akaniitikia "marahaba mwanangu," akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga huku na huku. Kwa siku za mwanzo aliridhika nami. Niliacha kubeba ndoo, akanisifu. Nikaacha kuinama kufagia, akanisifu. Lakini alipoona nachemsha mayai, akayaepua mwenyewe jikoni.

"Mayai hapana. Mtoto atazaliwa na kipara, tena atakusumbua kutoka."

"Mama, kliniki wamesema mayai ni mazuri, yaive tu vizuri."

"Kliniki watakuja kumzika?"

Nikaanza kula mayai kazini, stoo, katikati ya maboksi ya vigae, kama mwizi.

Ila siku moja tukiwa uani tunachambua mchicha, mwanawe amelala ndani na moshi wa sigara unatoka dirishani, mama mkwe akaanza kuongea bila kuniangalia.

"Mie nimezika wanne," akasema. "Wawili walitoka, wawili nikawazaa wakafa wachanga. Kila mmoja niliambiwa kosa ni langu. Wa kwanza, nilikula mayai. Wa pili, nilivuka mto jua limezama. Mmoja walisema nilimkasirikia mama mkwe moyoni."

"Na hayo mayai ulikula kweli, mama?"

Akacheka, kicheko kikavu. "Tungeyapata wapi? Kuku wenyewe walikuwa wa mwenyekiti wa kijiji."

"Sasa mbona na mimi unanikataza?"

Akaendelea kuchambua. "Ili wasije wakakuambia ulikula," akasema.

Nililala na maneno hayo siku nyingi. Nilidhani nimepata mtu wa upande wangu.

Mwezi wa tatu haujaisha, nikaona damu kidogo, tone, kama kutu kwenye kitambaa. Tulikwenda sote wawili, mimi na mume wangu. Wakanipaka ile jeli ya baridi tumboni, mpimaji akazungusha kifaa chake, akazungusha tena, halafu akaacha kuongea. Nilijua hapo. Daktari, kijana mwenye adabu, alivuta kiti akakaa karibu yetu kabla ya kutuambia kwamba moyo wa mtoto haupigi.

"Naomba mnisikilize wote wawili," akasema. "Hili si kosa la mtu. Mara nyingi ni hitilafu inayotokea mtoto anapoanza kuumbika, hakuna aliyeisababisha. Dada amejitunza vizuri, damu yake ni nzuri sana. Mkipumzika, mtajaribu tena."

"Tumekuelewa daktari," mume wangu akasema. Akanishika mkono tukitoka, akaushikilia korido nzima, mpaka nje kwenye mabenchi. Katika mambo yote aliyonifanyia, mkono ule ndio unaoniuma zaidi nikiukumbuka, kwa sababu niliuamini.

Baada ya siku kadhaa akaja mjomba wake anayeishi Charambe. Kwao mjomba ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu watoto wa dada yake, na akija amevaa koti ujue amekuja kwa kikao. Tulikaa sebuleni watu wanne: mjomba, mama mkwe, mume wangu, na mimi kwenye mkeka, bado natembea nimejishika tumbo.

"Hatukukaa hapa kugombana," mjomba akasema. "Lakini mimba mbili si jambo dogo. Ukoo unataka kujua tatizo liko wapi."

Nilimgeukia mume wangu, nikingoja aseme alichosema daktari. Ilikuwa sentensi moja tu. Hata mtoto angeweza kuibeba kutoka hospitali mpaka nyumbani bila kumwagika.

Akakohoa. Akainamisha kichwa kama mtu mwenye huzuni kubwa.

"Mjomba, mie nimesema sana mpaka nimechoka," akasema. "Ni yale mafuta ya kujichubua. Nilimkataza toka tunaoana, hakusikia. Sasa yameshaingia kwenye damu. Ndo yanayounguza watoto."

Nilitazama mdomo wake ukisema hayo. Haukutetemeka. Mjomba akanigeukia, akautazama uso wangu wenye mabaka, na mabaka yangu yakawa ushahidi wake. Uso niliouharibu kwa kuacha ukatumika kuthibitisha kwamba sijaacha.

"Mjomba," nikasema, "mafuta nimeacha zaidi ya mwaka. Haya mnayoyaona ndiyo malipo ya kuacha. Eneji nimeacha. Soda nimeacha. Bia nimeacha. Kiti changu cha kazini kimechukuliwa kwa sababu ya huu uso, na sikurudi nyuma." Nikamgeukia mume wangu. "Mie nimeacha. Wewe umeacha nini?"

Nje mtu alikuwa anachota maji, tulisikia ndoo ikijaa.

"Nakuuliza baba. Umeacha sigara? Bia? Umeacha hata kutundika shati kichwani kwangu? Na yale mafuta, kopo la mwisho alilinunua nani?"

"Mke wa mpwa wangu," mjomba akasema, sauti imepanda, "kikaoni mwanamume haulizwi hivyo na mkewe."

"Basi anaulizwa na nani?"

"Nyamaza, mwanangu," mama mkwe akasema.

Sikujua anamwambia nani. Sote wawili alikuwa anatuita hivyo. Nikamwangalia, nikimngoja, kwa sababu yeye alijua. Alikuwa ameuona moshi, alikuwa ameona ninavyoishi, na alikuwa amezika wanne. Akainuka, akajifunga kanga vizuri, akaenda kutengeneza chai. Mwanawe akashusha pumzi. Chai ilipokuja mjomba akanywa vikombe viwili, akashauri nipelekwe kwa mtaalamu wa miti shamba anayemjua yeye, nikasafishwe damu.

Sikwenda. Mama mkwe alirudi Masasi, na asubuhi anaondoka aliniwekea mkononi mayai mawili yaliyochemshwa yakiwa bado ya moto, akayafunika kwa kiganja chake mwanawe asione. Najua alikuwa anaomba radhi. Nilimjibu "safari njema mama", na alipotokomea kona nikayatupa. Angeweza kusema neno moja mbele za watu. Mayai sikuwa nayahitaji tena.

Nikaanza kutafuta chumba. Nilikipata Mtoni, nikahamisha vitu vyangu siku ya kazi, mchana, wakati watu wote wa uani wanaona. Mume wangu alikuja kusimama mlangoni. Nilijiandaa kwa maneno ya kunizuia, hata nikawa nimepanga majibu. Aliniuliza kama friji naliacha. Nikaliacha.

Mama yangu alinipigia kutoka Sumbawanga kunisihi nirudi nyumbani, akasema huku kuna hewa na kuna watu. Nikamwambia nina kazi. Hakubishana. Alikaa kwenye simu bila kusema kitu mpaka salio likamwishia, na mimi nikabaki nimeishikilia simu sikioni.

Uso wangu ulitulia baada ya muda mrefu. Haukuwa wa zamani wala wa kopo, ni uso wa mtu mzima wenye kivuli kidogo chini ya macho. Stoo nikaizoea, sasa ndiyo kazi yangu. Mwanamume mwingine sijakuwa naye.

Halafu mwaka jana nilikutana na mpangaji mmoja wa ile nyumba ya Mbagala, mwanamke mwenye maneno mengi, akanishika mkono katikati ya soko. Akaniambia yule mtu ameoa, mwanamke mweupe, na amebeba.

"Hutaamini, shoga. Ameacha sigara! Hata bia siku hizi hanywi. Akirudi kazini anavulia nguo nje, anaoga ndo anaingia ndani. Kliniki anampeleka mwenyewe. Tena anatuhubiria uani, eti moshi si mzuri kwa mjamzito, eti mwanaume naye ana sehemu yake. Watu hubadilika, jamani."

Nilimwuliza bei ya nyanya. Nikiwa narudi ndipo jambo lenyewe liliponiingia akilini. Siku ile kliniki, kwenye kiti cha karibu na mlango, simu mkononi, alikuwa anasikia. Alisikia kila neno la yule nesi. Yalikaa kichwani mwake miaka yote hiyo, mazima, yakimngoja mtu ambaye yeye aliona anastahili. Kama angekuwa mjinga ningemsamehe. Ujinga unaweza kusamehewa.

Mkewe alijifungua mtoto wa kiume, salama. Habari ilinifikia kwa mpangaji yuleyule, aliyenipigia simu makusudi, sijui kwa wema au kwa kutaka kusikia nitasema nini. Nikasema Mungu amkuze. Mtoto hana kosa, na mama yake hana kosa, labda hata hajui kwamba mume aliyempata alifundishwa kwenye tumbo la mtu mwingine. Nilisema Mungu amkuze na nilimaanisha kwa mdomo. Moyoni nilitafuta pa kulisemea neno hilo, nikakosa. Mpaka leo sijapapata.